Filamu Aliyoichukia Fundi

4 Februari

Kwako Fundi,

Shikamoo. Hunijui, nami sikujui ila kwa kusikia. Jengo la sinema ulilofanyia kazi ujanani siku hizi ni duka la samani, lakini mlinzi wa pale ni mtu wa siku nyingi, na ndiye aliyenipa anwani yako. Akanionya: "Usimpigie simu. Masikio yake yaliliwa na zile mashine. Utapiga kelele mpaka koo likauke, naye atakujibu habari za mvua. Mwandikie." Basi naandika.

Kazi yangu ni kutengeneza miwani. Nina dada mmoja tu duniani. Mwezi wa tisa mwaka jana alipata kiharusi akiwa anafua. Mkono na mguu wa kulia vimelala, mdomo umekwenda upande, na kauli imepotea. Akili ipo yote, Fundi. Ukisema la kipuuzi anakutazama kwa jicho lile lile la zamani. Ila maneno hayatoki. Limebaki moja tu: "Faili lipo wapi?"

Akiwa na njaa, "Faili lipo wapi?" Akichoka na wageni, "Faili lipo wapi?" Daktari alipomuuliza kama anamjua huyu aliyesimama kando yake, yaani mimi, alinishika mkono, machozi yakamtoka, akasema kwa mapenzi yote: "Faili lipo wapi."

Wauguzi wanadhani alikuwa karani. Mimi najua lilikotoka. Tangu nikiwa mdogo, kitu kikipotea nyumbani, kijiko au kiatu, dada alikuwa akikunja uso na kulisema kwa sauti nene ya kiume, halafu tunacheka. Alisema ni maneno ya meneja katika filamu moja ya kuchekesha, Meneja Hana Habari.

Mtaalamu wa matamshi anasema neno hilo ni ncha ya uzi, tukiuvuta taratibu huenda mengine yakafuata. "Mtafutie hiyo filamu," akaniambia. Nimetafuta miezi mitatu. Haipo popote. Niliowauliza hawapatani hata kidogo: mmoja alisema hajapata kucheka vile tena maishani, mwingine alitoka ukumbini katikati na hasira anazo mpaka leo.

Wewe uliionyesha. Unakumbuka chochote? Hata kipande.

Wako,
Mtengeneza Miwani


11 Februari

Mdogo wangu Mtengeneza Miwani,

Marahaba. Pole sana kwa mgonjwa.

Naikumbuka. Ni filamu mbaya kuliko zote nilizopata kuweka kwenye mashine, na nimeweka mpaka filamu ya mafunzo ya kufuga nyuki. Nyuki walikuwa na akili kuliko hao waigizaji.

Ilikaa wiki tatu. Mara tatu kwa siku, siku saba. Piga hesabu mwenyewe: mara sitini na tatu nimemwona yule meneja akiuliza faili lake. Viti vya mbele walikaa watu wa viwandani, wakicheka mpaka wengine wanatolewa nje kupepewa. Juu walikaa wakubwa wa maofisi na wake zao, kimya kama wako msibani, maana waliokuwa wakichekwa ni wao. Wiki ya pili bwana mmoja wa juu alivua kiatu akakirusha chini. Wa chini hawakukirudisha. Gazeti moja likaandika kwamba ndicho kicheko cha mwaka, jingine likaandika kwamba huo ni utepe ulioharibiwa bure. Mimi nilikuwa upande wa gazeti la pili, na sijahama.

Lakini kwa ajili ya mgonjwa, nitakueleza mwanzo tu.

Ni kiwanda cha vifungo. Mpiga chapa mpya, binti, anaripoti kazini amevaa viatu vya kuazima vinavyompwaya, kila hatua kaf, kaf. Mtunza stoo, kijana mwenye kiburi na penseli sikioni, anamkabidhi taipureta isiyo na herufi "a". Sasa niambie, kwa lugha yetu hii, utaandika nini bila "a"? Barua ya kwanza ya meneja inatoka hivi: "Kw wtej wetu wpendw." Meneja anaitia sahihi bila kuisoma. Ndiyo maana ya jina la filamu.

Mpiga chapa anarudi stoo na kudai "a" yake. Mtunza stoo anamwambia, "Jaza fomu." Fomu inatakiwa ipigwe chapa.

Hapo ndipo wa mbele walipoanza kuanguka vitini. Siku hiyo hiyo faili la meneja linapotea. Ndani yake mna jina la mtu mmoja atakayeachishwa kazi, ama mpiga chapa ama mtunza stoo. Kila mmoja anataka kulipata kabla ya mwenzake. Kiwanda kizima kinalitafuta, meneja anafoka chumba hadi chumba, "Faili lipo wapi?" na mtazamaji anajua tangu dakika ya kumi lilipo: meneja amelikalia. Lipo chini ya mto wa kiti chake.

Inatosha. Mpe salamu.

Fundi


17 Februari

Fundi wangu,

Umesema mwanzo tu, ukaandika kurasa nne. Nashukuru kuliko unavyodhani.

Nilimsomea dada barua yako Jumapili. Wodi yao ya wanawake ina vitanda vinne, na hakuna siri wodini. Kando yake yupo Mwalimu Mkuu mstaafu aliyevunjika nyonga. Mkabala naye yupo Mpishi, aliyewapikia wanafunzi wa bweni miaka ishirini na minane na sasa miguu imegoma. Cha nne ni kitupu. Nilipofika kwenye ile "Kw wtej wetu wpendw", Mpishi alicheka mpaka muuguzi akaja mbio na kipimo cha presha. Mwalimu Mkuu akasema, "Upuuzi. Nimeshaona wanakoelekea hao wawili. Ofisi si mahali pa kutafutia wachumba."

Mpishi akamjibu, "Mwalimu, ofisi ndiyo mahali pekee watu wanapoonana wakiwa wameoga."

Wamenuniana tangu siku hiyo, na kila mmoja kwa wakati wake ameniuliza kwa siri kama barua nyingine imefika.

Na dada? Nilipotaja jina lako aligeukia ukutani. Nikadhani amechoka, nikaanza kukunja karatasi. Akagonga kitanda kwa mkono mzima, gonga, gonga, mpaka nikaendelea. Nilipomaliza akagonga tena. Nimemsomea mara tatu.

Nakuomba sehemu iliyobaki. Najua huipendi. Lakini mtu aliyetazama kitu mara sitini na tatu ana deni nacho kidogo, hata kama ni deni la kukisema vibaya mpaka mwisho.

Mtengeneza Miwani


23 Februari

Mdogo wangu,

Huyo Mpishi ana akili. Mwalimu Mkuu naye ana akili. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule: wote walikuwa na akili, na filamu ndiyo iliyokosa.

Haya. Mpiga chapa na mtunza stoo wanaingia ofisini kwa meneja wakati wa chakula, kila mmoja kivyake, kupekua. Wanakutana chini ya meza, uso kwa uso, magoti yao kwenye zulia. Meneja anarudi, anakaa, ananyoosha miguu, nao wapo pale chini saa nzima, hawathubutu hata kupiga chafya. Kwa ishara tupu wanagombana, halafu wanapatana. Mtunza stoo anachomoa kitu mfukoni: ile herufi "a". Alikuwa nayo siku zote. Aliing'oa mwenyewe ili binti awe anarudi stoo kila siku kuidai.

Nakiri hapo ukumbi wote, juu na chini, ulikuwa unanyamaza kwa namna moja.

Baada ya hapo ni mbio za kwenye ngazi, na masanduku ya vifungo yanamwagika, kama filamu zote. Mwisho wake huu hapa: faili linapatikana, jina lililomo ni la mpiga chapa. Anafungasha vitu vyake, anavua vile viatu, anakwenda zake peku. Mtunza stoo anarudi kuhesabu vifungo. Taa za ukumbi zinawaka, watu wanakwenda makwao.

Basi. Sasa unayo yote.

Fundi


2 Machi

Fundi,

Kaa kitini kwanza ndipo usome.

Jana nilimsomea dada barua yako. Chini ya meza alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Kwenye ile herufi "a" alifumba macho. Nilipofika pale binti anapokwenda zake peku, alianza kutikisa kichwa. Nikaendelea. Akanishika mkono, akaubana. Shingo ikatoka mishipa, uso ukaiva, na mdomo ule ambao kwa miezi mitano haujatoa ila neno moja, ukasema:

"Sivyo!"

Nikaangusha karatasi. Mpishi alipiga vigelegele. Mwalimu Mkuu akalia, halafu akasema hakulia, ni dawa ya macho. Dada akarudia, mara hii kwa hasira: "Sivyo! Sivyo!" akipiga barua yako kwa kiganja kama anayeua nzi.

Mtaalamu wa matamshi ameandika neno hilo kwenye kitabu chake na kulipigia mistari miwili.

Sasa nakuuliza kwa heshima zote. Mtu asiyeweza kuomba maji ametumia nguvu zake zote kukwambia umedanganya. Je, amekosea?

Mtengeneza Miwani


8 Machi

Mdogo wangu,

Hajakosea.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Binti yangu, ninayeishi kwake, akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia la, nimeshikwa uongo.

Mwisho wa kweli ni huu. Meneja akiwa nje, mtunza stoo analikuta faili chini ya mto, anasoma jina lililomo, ni lake yeye, analirudisha juu ya kiti. Anapanda chumba cha matangazo, anawasha kipaza sauti cha kiwanda kizima, anasema: "Wafanyakazi wote, samahani kwa usumbufu. Nampenda mpiga chapa. Asanteni." Mashine zinasimama moja moja. Binti anainuka, anapanda ngazi za chuma, kaf, kaf, kiatu kimoja kinaanguka, hakirudii. Anafika juu, anamwondoa yule kijana kwenye kipaza sauti, anasema: "Tangazo limepokelewa. Rudini kazini." Meneja anainuka kuuliza ni nani anayepiga kelele, na faili limemganda kwenye suruali.

Watu walikuwa wakisimama kupiga makofi. Hata wa juu, baadhi yao.

Nimebadilisha kwa sababu nauchukia mwisho huo, na nitakueleza kwa nini. Sijapata kumweleza mtu, hata marehemu mke wangu.

Dirishani kwetu aliuza tiketi binti mmoja. Alikuwa akizikata kwa rula ili zisiwe na ncha za kuchanika, tiketi ya kutupwa baada ya saa mbili! Chumba changu cha mashine kilikuwa juu kabisa, peke yangu na joto. Nilikuwa nikishusha kopo kwa kamba kupitia dirisha la nyuma, naye anatia chupa ya chai na kikaratasi: "Watu mia mbili na kumi na wawili. Mmoja ameshalala." Nami namjibu kwa kikaratasi. Mwaka mzima tuliishi hivyo, kwa kopo na kamba, na la maana hatukulisema.

Halafu ikaja filamu hii. Ukitazama jambo mara hamsini na kitu unaanza kuliamini. Jumamosi ya mwisho, ukumbi umejaa, nilisimamisha mashine kabla tu ya mwisho. Nikachukua kipaza sauti cha matangazo ya ukumbi, nikasema: "Watazamaji wote, samahani kwa usumbufu. Nampenda dada wa dirishani. Asanteni."

Mdogo wangu, kicheko kile! Walidhani ni sehemu ya mchezo. Walipiga miguu chini, walipiga miluzi. Nikawasha mashine, nikaacha mlango wangu wazi, nikangoja kusikia hatua ngazini. Filamu ikaisha. Maonyesho yaliyofuata yakaanza, yakaisha. Hakupanda mtu.

Kesho yake hakuja kazini, wala kesho kutwa. Nikaambiwa ameacha kazi. Ni nani asiyeelewa jibu kama hilo?

Msomee dada yako mwisho wa kweli. Haya mengine ni yako peke yako.

Fundi


13 Machi

Fundi,

Naomba unisamehe mara mbili. Kwanza, nimemsomea yote. Pili ni kubwa zaidi: nimekuficha jambo tangu barua ya kwanza.

Dada yangu ndiye aliyekuwa dirishani.

Sikukwambia kwa sababu mwenyewe alikataa. Siku nilipopata anwani yako nilimuuliza, "Nimwambie wewe ni nani?" Akavuta mtandio akafunika mdomo, huu mdomo uliokwenda upande, akatikisa kichwa. Nikaelewa. Alitaka filamu, hakutaka huruma yako. Ndiyo maana niliandika kama mgeni. Lakini yeye alijua ni nani anayesomewa, kila mstari.

Niliposoma mahali pa kopo na kamba alifunika uso. Niliposoma "hakupanda mtu", alipiga kitanda kwa ngumi mpaka glasi ya maji ikaanguka. Akasema neno la tatu tangu augue. Akasema: "Mwambie."

Kwa hiyo nakwambia. Nayajua kwa sababu alinisimulia nikiwa msichana, kama mzaha, siku niliponunia kijana fulani asiyeniletea barua.

Alikusikia, Fundi. Alikuwa mlangoni mwa ukumbi na rula mkononi. Alikwenda mpaka chini ya ngazi yako. Ukutani palikuwa na kibao: ASIYEHUSIKA HARUHUSIWI KUPANDA. Unamjua, ni mtu wa kukata tiketi kwa rula. Na ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na mwenye sinema amesimama pale pale anamtazama. Akajiambia: mtu akinipenda kwa kipaza sauti mbele ya watu mia tatu, basi ashuke aniambie mimi peke yangu kama nahusika au sihusiki. Akasimama pale filamu ikaisha. Akasimama maonyesho yote yaliyofuata, tiketi akaziuza mwenye sinema mwenyewe. Hukushuka. Akaona ulikuwa mchezo.

Asubuhi yake ikafika simu ya upepo, ile telegramu ya posta. Mama yetu alikuwa amefariki ghafla, na nyumbani alibaki mtoto wa miaka sita. Mtoto huyo ni mimi. Dada alipanda basi la kwanza na nguo alizovaa. Hakuacha kazi kwa ajili yako, aliacha kwa ajili yangu. Wachumba walikuja wawili baadaye. Wote walitaka mke bila mdogo wake, wote wakaonyeshwa mlango.

Sijui kama unaweza kufikiria ninavyojisikia kuandika hayo.

Nilimuuliza, "Aje kukuona?" Akafunika mdomo tena. Basi sijui nikwambie nini.

Mdogo wa Dada wa Dirishani


29 Machi

Fundi,

Wiki mbili kimya. Nimeandika barua tatu nikazichana. Kama umekasirika, kasirika na mimi, si na yeye. Kila Jumapili anaitazama pochi yangu.

Mpishi na Mwalimu Mkuu wamepatana ili waweze kukusema vibaya kwa pamoja.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nilikasirika, ni kweli, ila si na wewe. Nilikasirika na kijana mmoja wa miaka ishirini na minne aliyekaa kwenye kiti cha mbao, mlango wazi, akingoja maisha yapande ngazi yamfuate kwa sababu aliona hivyo kwenye filamu. Hatua ishirini na mbili zilikuwa zinamshinda nini kushuka? Nimezihesabu ngazi zile miaka kumi na tisa.

Nataka ujue jambo moja. Nilimwoa mkunga, tukaishi miaka thelathini na moja, ameniacha mwaka wa sita huu. Sitamsema vibaya marehemu ili barua hii ipendeze. Nilimpenda. Lakini hili lilitangulia, nalo lilikaa pembeni maisha yote bila kumsukuma mtu.

Na wewe acha kujilaumu kwa kuwa na miaka sita. Hakuna aliyewahi kuikwepa.

Mwambie nitakuja Jumatano tarehe kumi na sita. Nitakaa kwenye ukumbi wa wageni, nje ya mlango wa wodi. Asipotaka nionane naye, sitaingia. Nitakunywa chai yangu, nitarudi. Safari ni saa tano tu kwa basi, na nimekuwa nikikaa bure miaka mingi kuliko hiyo.

Fundi


18 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Mkwe wangu alinipokea kituoni, akaniambia nina sura ya mtu aliyeshinda kesi.

Uliponiacha pale na kukimbilia dukani kwako, uliniandikia kwenye kikaratasi kwamba dada amejifanya amelala. Nilikubali. Nikakaa kwenye benchi na chai yangu. Nadhani hukupata kusikia yaliyofuata isipokuwa kwa Mpishi, na Mpishi anaongeza chumvi, ndiyo kazi yake. Pokea kwangu.

Mwalimu Mkuu alitoka na magongo yake kuja kunikagua. Akaniambia, kwa sauti ya gwaride la shule, kwamba filamu ile ilifundisha vijana uzembe kazini. Nikamwambia nakubaliana naye kwa asilimia mia. Akashangaa, maana alikuwa amejiandaa kwa vita. Sasa wewe unajua nami nasahau: mtu asiyesikia hupaza sauti. Nilidhani namnong'oneza Mwalimu. Kumbe wodi nzima, jikoni, mpaka geti la nje walinisikia nikisema: "Mama, mimi sikuja kwa ajili ya filamu. Nimekuja kumwona yeye, na mdomo wake uwe upande, uwe nyuma, uwe kisogoni, mimi hainihusu!"

Mwalimu akanionyesha kidole mlangoni.

Alikuwa amesimama. Ameshika kile kitembezi cha chuma kwa mkono mmoja, muuguzi nyuma yake amenyoosha mikono kama anayemlinda mtoto anayejifunza kutembea. Muuguzi anasema tangu alazwe hajapata kwenda zaidi ya hatua nne. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni kumi na moja. Mtandio umefunika mdomo, macho tu yako nje. Yale yale, mdogo wangu. Alinitazama kama anayetafuta kosa kwenye tiketi.

Nikasimama. Tukatazamana. Yeye hawezi kusema, mimi siwezi kusikia. Mpishi akapiga kelele toka kitandani, hiyo niliisikia: "Mmefaana!"

Nikasogea. Sikutaka watu wasikie safari hii, kwa hiyo nikamsogelea mpaka karibu kabisa na sikio lake nikajitahidi kupunguza sauti. Niliyomwambia ni yangu na yake. Ila la mwisho nilimuuliza kama naweza kuja tena, na tena, kila Jumatano, mpaka mmoja wetu achoke.

Akaachia kitembezi. Muuguzi akamdaka kiuno. Kwa ule mkono mzima akavuta mtandio akaushusha, taratibu, mwenyewe, akaniacha nimwone uso wote. Halafu akasema kitu.

Sikusikia!

Nikasema, "Eeh?" Akatikisa kichwa. Nikasema, "Nakuomba, rudia." Akacheka, mdogo wangu, akacheka mpaka akahitaji kiti. Nikamuuliza muuguzi, akanipigia kelele sikioni kwamba alikuwa anaangalia miguu. Mwalimu Mkuu alidai alisikia, lakini eti si yake kusema. Mpishi, kule kitandani, hakusikia. Nilibaki pale saa mbili nzima, tumekaa benchi moja, nampa chai kwa kijiko, ananirekebisha ninavyokishika, na sikuambiwa.

Usiku na mchana najiuliza alisema neno gani. Ukweli ni kwamba sijui kama nimealikwa au nimefukuzwa. Nakusihi, muulize.

Wako, mwenye masikio mabovu,
Fundi


24 Aprili

Fundi,

Nimemuuliza. Alinionyesha kalamu na ule ubao wa kuandikia wa mtaalamu wa matamshi. Miezi saba amekataa kushika kalamu kwa mkono wa kushoto, akisema kwa macho kwamba mwandiko wake utakuwa wa aibu. Leo ameandika kuanzia baada ya chakula cha mchana mpaka wageni walipoambiwa waondoke. Nilitaka kumshikia karatasi, akanipiga mkono. Amechana mbili zilizokwenda mshazari. Hii ni ya tatu, na ameniamuru nisiiguse. Naiweka ndani ya bahasha kama ilivyo.

Mdogo wako


24 Aprili

Fundi

Nilisema ndiyo.

Sirudii tena.

Tafuta kifaa cha masikio.

Na ile filamu ilikuwa nzuri.

Mimi mwenyewe